Data ghafi iwe lazima kuwekwa wazi kabla makala haijachapishwa? Tujadili

Kalamu_Nyekundu
Wakuu, tuongee bila kutupiana maneno. Jarida likikuambia makala haitoki mpaka uweke data ghafi mahali pa wazi, pamoja na skripti uliyochambulia, hiyo ni haki au uonevu? PLOS, wachapishaji wa majarida ya sayansi, walianza kudai mwaka 2014, wengine wanafuata kwa kusuasua.

Mimi nasema iwe lazima, fani zote. Ile sentensi ya "data itatolewa kwa atakayeiomba" tunaijua, ni namna ya kistaarabu ya kusema hupati. Unaandika, anwani imekufa. Unamwandikia mwandishi wa pili, anasema faili lilikuwa kwa mwanafunzi, na mwanafunzi keshahitimu. Chukueni makala ya Reinhart na Rogoff ya 2010 kuhusu madeni ya mataifa na ukuaji wa uchumi. Wanasiasa waliinukuu wakati wa kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi akafungua jedwali lao la Excel, akakuta kanuni ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano nje! Ukuaji wa nchi zenye deni la zaidi ya asilimia 90 ya pato uliandikwa -0.1, hilo na makosa mengine yaliposahihishwa ukawa 2.2.

Chembe_Hai
Naunga mkono, ila kwa sisi wa maabara. Nyie wa dodoso sijui mtaweka nini, maana kazi yenu ni kuchukua fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli, kupata 399, kumgawia karatasi aliyekaa karibu na mlango, basi mmetafiti.

Kauzu
Kalamu, huyo mwanafunzi alipewa jedwali baada ya kuliomba. Mfano wako unathibitisha kwamba kuomba kunatosha. Umejipiga ngwala mwenyewe.

Dodoso_Refu
"Aliyekaa karibu na mlango"? Bwana Chembe, heshima haiuzwi. Kwanza kielewe unachokicheka. Yamane ni n = N ÷ (1 + Ne²): n ni sampuli, N ni jamii nzima, e ni kosa unalovumilia. Ukiweka e 0.05, jamii ya watu 1,000 inakupa 286. 10,000 inakupa 385. 100,000 inakupa 399. Weka hata watu milioni mia, haivuki 400. Watu wanadhani ni kasoro, kumbe ndiyo hesabu yenyewe: sampuli ikiwa ya nasibu kweli, usahihi unatokana na ukubwa wa sampuli, ukubwa wa jamii unahesabika kidogo sana. Kijiko cha kuonjea mchuzi ni kilekile, sufuria iwe ya watu wanne au ya harusi.

Pili, nyie ndio mliokuza seli za HeLa, zile za saratani zinazovamia vyombo vya seli nyingine, mkidhani ni za kitu kingine. Mwanajenetiki Gartler aliwaambia mwaka 1966, mkamnunia.

Chembe_Hai
Kijiko ni kilekile mchuzi ukikorogwa. Nyie hamkorogi. Fomula hiyo imesimama juu ya mambo matatu: kila mtu kwenye orodha ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, unachopima ni asilimia, tena ikichukuliwa ile ngumu kuliko zote, nusu kwa nusu, na z, ile namba ya uhakika wa asilimia 95, imekadiriwa kuwa 2. Orodha yenyewe iko wapi? Ukurasa mmoja mtu anaandika "nilitumia Yamane", unaofuata "wahojiwa waliteuliwa kwa urahisi wa kupatikana". Hapo kutoka 40 kwenda 399 umeongeza karatasi tu, upendeleo uko palepale. Na kama nia ni kulinganisha makundi mawili, au kupiga rigresheni, Yamane haihusiki kabisa. Unahitaji kukokotoa nguvu ya jaribio: tofauti ndogo kiasi gani unataka kuiona, na uko tayari kuikosa mara ngapi.

HeLa ni habari za zamani. Siku hizi seli zinapimwa alama za DNA kabla ya kuanza, na tena kabla ya kuchapisha.

Mpita_Njia
Samahani wakuu, si kuna kanuni kwamba asilimia 10 ya jamii inatosha? Halafu ile 384 ni ya nani?

Kikokotoo
Asilimia 10 ya watu 200 ni 20, haikufikishi popote. Asilimia 10 ya milioni ni laki moja, itakufilisi. Achana nayo.

384 ni ya Krejcie na Morgan, 1970. Wao wanatumia 1.96 pale Yamane anapotumia 2, ndiyo maana kwa jamii ya 1,000 wanakupa 278 badala ya 286. Tofauti hiyo haina maana kubwa, watu wanaigombea bure. Jambo zito ni kwamba wote wawili wanadhani umechomoa mtu mmojammoja kwenye orodha. Ukichukua watu kwa vikundi (madarasa, vijiji, wodi) lazima uzidishe, kwa sababu wa kundi moja hufanana na kila mmoja anakuletea habari mpya kidogo. Kizidisho ni 1 + (m − 1)ρ. m ni idadi ya watu kwa kila kikundi, ρ ni kiasi wanachofanana. Watu 20 kwa kikundi, ρ ya 0.05, unapata 1.95. Zile 385 za jamii ya 10,000 zinakuwa 751.

Bado kuna wasiojibu. Ukitarajia wawili kati ya kumi wasirudishe dodoso, gawanya kwa 0.8, upate 939. Wengi huzidisha kwa 1.2, wanapata 902, halafu asilimia 20 wakitoweka wanabaki na 721 na kushangaa zilikokwenda nyingine.

Bi_Mahojiano
Nirudi kwenye "fani zote", maana imenikwama kooni. Kufuta jina si kumficha mtu. Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu tano vinatosha kumtenga karibu kila mtu Marekani, asilimia 87. Hivyo ni vitu vitatu. Nakala ya mahojiano ya saa moja ina vingapi? "Mkunga pekee hapa, mjane, watoto sita, aliwahi kugombea udiwani." Jina la nini tena? Na ukifuta vyote hivyo unabaki na "yaani" na "unajua".

Kinachowezekana ni kugawa kwa ngazi. Mwongozo wa maswali na kitabu cha misimbo ya uchambuzi viwe wazi kwa wote. Nakala zilizosafishwa zikae hifadhini, zitolewe kwa kibali. Sauti zisitoke. Na fomu ya ridhaa iyaseme hayo kabla ya kuwasha kinasa. Mtu aliyeridhia "kwa utafiti huu tu" huwezi kumwaga maneno yake hadharani, jarida liseme lisemavyo.

Nyota_Tano
Wenzenu fizikia hatutangazi ugunduzi mpaka sigma 5, yaani bahati tupu ingetoa matokeo kama hayo mara moja tu kati ya milioni tatu na nusu. Nyie mnaridhika na 0.05, mara moja kati ya ishirini. Na huyu dada anahoji watu 12, keshagundua jambo.

Bi_Mahojiano
Kaka, katika yote niliyoandika umeona 12, ambayo hata sikuitaja? Haya. Namba hiyo inatoka kwa Guest, Bunce na Johnson, 2006. Walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa nchi mbili za Afrika Magharibi, wakaona mada nyingi zilikuwa zimejitokeza kufikia la kumi na mbili. Lakini wahojiwa walifanana, na maswali yalikuwa yaleyale kwa wote. Ukichanganya madaktari, wagonjwa na wauza dawa, 12 ni wanne wanne, na hapo hujashiba chochote, mada mpya bado zinakuja. Anayeinukuu bila masharti hayo hajaisoma.

Na sigma zenu hazikazi kebo. Watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza mwaka 2011 neutrino, chembe ndogo mno, zilizowahi kuliko mwanga kwa nanosekunde 60, sigma 6. Kumbe kiungio cha kebo ya mwanga kilikuwa kimelegea.

Mpita_Njia
Hiyo si ndiyo ile ya chembe ya Higgs?

Kikokotoo
Hapana. Higgs ni Julai 2012, na imesimama mpaka leo.

Nyota_Tano
OPERA waliwaomba watu wawatafutie kosa, na kosa likapatikana. Nani wa dodoso amewahi kuomba hivyo?

Dodoso_Refu
Narudi kwa Chembe, sijamaliza naye. Mnajigamba mtaweka data wazi. Ipi? Jeni SEPT2 ukiiandika kwenye Excel inageuka tarehe 2 Septemba, MARCH1 inageuka tarehe 1 Machi, na mmechapisha majedwali hayo hivyo hivyo kwa miaka. Mwaka 2020 kamati ya majina ikasalimu amri, ikaziita SEPTIN2 na MARCHF1. Mmebadili jina la jeni kwa sababu hamjui kupanga safu!

Chembe_Hai
Hilo nalikubali, limeniuma. Ila dawa ipo: usilifungue faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Fungua jedwali tupu, ingiza faili kupitia menyu ya data, safu ya majina itie alama ya maandishi kabla ya kukubali. Ukishahifadhi tarehe juu yake, jina la awali limekwenda. Ndiyo maana faili ghafi linafungwa lisihaririwe, unafanyia kazi nakala.

Sasa na nyie mtueleze Alpha ya Cronbach, kile kipimo cha maswali ya dodoso kukubaliana. Kila tasnifu "Alpha ilizidi 0.7, hivyo kipimo ni bora".

Kikokotoo
Hapo Chembe ana hoja. Alpha hupanda kwa kuongeza maswali tu. Chukua maswali 30 yanayohusiana kwa 0.1 kwa wastani, yaani karibu hayajuani: 30 × 0.1 ni 3, gawanya kwa 1 + 29 × 0.1, yaani 3.9. Unapata 0.77, umefaulu. Dodoso refu linajipongeza lenyewe.

Dodoso_Refu
Hilo la mwisho ni mimi?

Kikokotoo
Nimesema dodoso refu, herufi ndogo.

Kalamu_Nyekundu
Wakuu, mada ilikuwa data wazi. Kauzu sijamjibu: aliyeomba akapewa tunamjua, walioomba wakanyimwa hawana makala ya kutuonyesha.

Kauzu
Basi lete hesabu ya walionyimwa.

Dodoso_Refu
Hayo mtamalizana. Kikokotoo, nimekubali 751, ila hiyo ρ ya 0.05 umeitoa wapi?

Kikokotoo
Ni ya mfano. Yako uitoe kwenye utafiti uliotangulia, jambo lilelile, vikundi vya aina ileile. Wengi hawaiandiki kwenye makala, inabidi uikokotoe mwenyewe kwenye data yao.

Dodoso_Refu
Na kama hawajaiweka?

Kikokotoo
Unakisia. Ukikisia 0.02 unahitaji watu 532, ukikisia 0.1 unahitaji 1,117.