Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11: iwe seva ya nyumbani, au ni kujitafutia balaa?

KITASA (mleta hoja)
Wakuu, Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na inakataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kilichobaki ni rundo la mashine zenye Core i5 ya kizazi cha 4 mpaka cha 7, RAM ya giga 8, hazina ugonjwa wowote ila zimenyimwa cheti. Huku ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki kwa mwaka 2022 peke yake, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi ni asilimia 22.3 tu.

Hoja yangu: mashine hizo ziwekewe Debian (mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux), zikae pembeni ya ruta, na picha, mafaili na nywila za familia zihame kwenye wingu zirudi nyumbani. Wingu si mali yako. Google Photos ilipokea picha bila kikomo na bila malipo mpaka Juni 1, 2021, ikaacha. Kituo cha data cha OVH kule Strasbourg kiliungua Machi 10, 2021, na wapo wateja waliodhani kampuni inawatunzia nakala wakabaki mikono mitupu. Anayepinga aje na sababu za kifundi, si "itakusumbua".

WATI KUMI
Napinga, na naanza na mita. Kompyuta ya mezani ya miaka hiyo, imekaa tu bila kazi, inakula wati 30 hadi 60. Ikiwa na kadi ya michoro inapita hapo. Chukua 60, zidisha kwa saa 24, zidisha kwa siku 365: uniti 525 kwa mwaka. Kompyuta ndogo ya sasa yenye prosesa kama Intel N100 ikitulia inakaa chini ya wati 10, yaani uniti 87 hivi. Umeokoa kilo chache za taka, unachoma zaidi ya uniti 400 kila mwaka. Na msinitajie ile namba iliyobandikwa kwenye pawasaplai. Wati 300 ni uwezo wake wa mwisho, si matumizi. Chomeka kipima-wati ukutani, kiache saa 24, ndipo tuongee.

BI TERMINALI
Wati Kumi, hesabu ni sahihi ila umejichagulia mashine mbaya ili ushinde. Laptopu ya umri uleule, kioo kimezimwa na diski ni SSD, inakaa wati 6 hadi 12. Hata ya mezani inapunguzika: ng'oa kadi ya michoro utumie ile iliyomo ndani ya prosesa, chomoa draivu ya DVD na diski zisizo na kazi, washa C-states (usingizi wa prosesa isiyo na kazi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, kisha endesha powertop --auto-tune inayobana umeme. Amri hiyo inasahaulika mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo itengenezee huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) iiendeshe kila mara.

Kwa laptopu, hatua ya kwanza ni HandleLidSwitch=ignore ndani ya /etc/systemd/logind.conf, la sivyo ukifunga mfuniko seva inalala. Ya pili, tumia kebo, achana na Wi-Fi. Ya tatu, usiamini kebo mpaka uone amri ya ethtool inasema kasi ni 1000, yaani megabiti kwa sekunde. Ikisema 100 unahamisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde, na giga 500 za picha zitachukua karibu saa 13. Wengi hapo wanalaumu kadi ya mtandao. Kasi ya 1000 inahitaji jozi zote 4 za nyaya, mia moja inatosheka na 2, kwa hiyo waya mmoja uliokatika ndani ya kebo unaweza kukushusha bila kukukatia.

FUNDI SOLDA
Dada, kwenye laptopu umeruka jambo. Betri inayokaa asilimia 100 usiku na mchana kwenye joto inavimba. Dalili zake: padi ya kipanya inakuwa ngumu kubonyea au inainuka, mfuniko wa chini unaachana na fremu, laptopu inayumba juu ya meza iliyonyooka. Ikifika hapo zima na uitoe. Usiibonyeze irudi, usiitoboe. Kama bado nzima, iwekee kikomo cha chaji: kwenye ThinkPad na nyingine ambazo kerneli (kiini cha Linux) inazijua, andika 60 ndani ya /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold. Faili hilo lisipokuwepo, tafuta kwenye BIOS.

Sasa mtu anasema, basi natoa betri kabisa. Hapo umepoteza UPS (akiba ya umeme) ya bure, na laptopu nyingi hazina kile kipengele cha kujiwasha umeme ukirudi. Umeme umekatika dakika mbili, umerudi, seva imekaa kimya mpaka mtu aende kubonyeza kitufe. Kuna hata zinazoshusha kasi ya prosesa zikikosa betri. Mashine ya mezani ina kipengele hicho kwenye BIOS: kiweke Power On, si Last State. Halafu badilisha kibetri cha CR2032 kabla ya jambo lolote. Kikichoka, umeme ukikatika BIOS inaweza kusahau mipangilio, hiyo Power On ikiwemo, na saa ikarudi nyuma miaka kadhaa. Saa ikirudi nyuma vyeti vya TLS (vya tovuti salama) vinaonekana havijaanza kutumika, DNSSEC (ukaguzi wa majina ya mtandao) inakataa majibu, mashine haiwezi kupata jina la seva ya saa ili ijirekebishe. Mtu anapoteza siku nzima akitafuta kosa kwenye Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya kontena zilizojitenga.

MZEE WA DISKI
Umeme sawa, betri sawa. Kitakachowaliza ni diski.

Kabla ya kufomati, endesha smartctl -a (inasoma afya ya diski) kwenye kila diski, na usisome lile neno PASSED, soma mistari. Namba 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni zinazosubiri hukumu, 198 ni zilizoshindikana kusomeka. 197 ikiwa si sifuri, diski hiyo haipewi nakala pekee ya kitu chochote. 199 ikipanda, badilisha kebo ya SATA, diski yenyewe huenda haina kosa. Kisha smartctl -t long, na kwa diski kubwa inachukua saa nyingi, iache imalize. RAM ipite memtest86+ (kipimo cha RAM) usiku kucha. RAM mbovu ni mbaya kuliko diski mbovu kwa sababu haipigi kelele: inaharibu picha kimyakimya, na bakapu inaupokea uharibifu huo kama mgeni wa heshima.

Halafu kuna hii RAID, kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Nasema mara moja tu: RAID1 ni kioo, diski moja inaiga nyingine. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, kioo nacho kimefuta. Diski mbili zilizonunuliwa siku moja na kufanya kazi sawa zina tabia ya kufuatana kaburini, tena ile ya pili mara nyingi inakata roho wakati wa kujenga upya, kwa kuwa ndipo inasomwa mwanzo hadi mwisho. Na diski za USB kwenye RAID ni mchezo wa kitoto: kebo ikiguswa, moja inatoka kwenye kundi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe ni restic, programu ya bakapu: nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine nje ya nyumba. Kila wiki restic check --read-data-subset=10%. Kila mwezi rejesha folda moja kwenye mashine nyingine na ufungue picha kwa macho yako. Wenye Immich au Nextcloud (programu za kujiwekea picha na mafaili), kunakili folda ya Postgres huku database inaendelea kuandika kunakupa faili ambalo huenda lisifunguke. Toa pg_dump (nakala kamili ya database) kwanza, ndipo restic ichukue.

Kwa hiyo msimamo wangu, Kitasa: mashine ya miaka kumi ni mahali pazuri sana pa nakala ya pili. Kuifanya nyumba pekee ya picha za watoto ni kamari.

KITASA
Mzee, shikamoo. Sikusema iwe nyumba pekee. Picha iko kwenye simu, inakuja kwenye seva, usiku inakwenda diski ya nje, na kipande kilichofungwa kwa ufunguo wa restic kinapelekwa huko huko kwenye wingu. Wingu libaki stoo, lisiwe mwenye nyumba.

MZEE WA DISKI
Marahaba. Simu si nakala, kijana. Programu ya kupandisha picha mara nyingi ina kitufe cha "futa zilizokwishapanda" na mtu atakibonyeza siku simu imejaa.

NYAVU
Mnajadili kana kwamba seva hiyo itafikika. Ingia kwenye ruta usome anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: anwani moja ya nje mnachangia wateja wengi, na ufungue poti mpaka uchoke hakuna atakayefika. Ikianza na 10 au 192.168, kuna ruta nyingine mbele yako. Dawa ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kupitisha WireGuard (VPN, njia ya siri kati ya mashine mbili): ya nyumbani ndiyo ianze kupiga hodi nje kwa UDP 51820, ikiwa na PersistentKeepalive = 25. Ukisahau mstari huo, njia ikikaa kimya CGNAT inaifunga, na utalalamika "inafanya kazi asubuhi tu". Hata asiye na CGNAT asiuanike ukurasa wa kuingilia wa Nextcloud mbele ya dunia. Pitia WireGuard.

Barua pepe msithubutu. Watoa huduma wengi wamefunga poti 25 (njia ya kupelekea barua) kutoka majumbani, rekodi ya PTR (jina linalotajwa na anwani yako) haiko mikononi mwako, na anwani za majumbani zinaorodheshwa na Spamhaus, shirika la kupambana na barua taka, kwenye orodha yake ya PBL kwa makusudi. SPF, DKIM na DMARC (rekodi za kumthibitisha mtumaji) uzipange vizuri namna gani, hazifuti hayo matatu.

Pi-hole nayo, seva ya DNS (daftari la majina ya mtandao) inayozuia matangazo: nyepesi, giga moja ya RAM inatosha na kubaki. Ila ikizima, nyumba nzima inasema intaneti imekata. Ukiweka DNS ya pili ya nje kwenye ruta ili kujiokoa, simu zitaitumia zitakavyo na matangazo yanarudi. Weka Pi-hole mbili au kubali mojawapo ya kero hizo.

ZAMU YA USIKU
Swali ambalo hamjaligusa: mwenye kuijua mashine akiwa hayupo? Umeme umekatika, diski imefungwa kwa LUKS (ufichaji wa data wa Linux), seva imewaka na inasubiri nywila kwenye kioo ambacho hakijachomekwa. Anayejua anaweka dropbear-initramfs afungue akiwa mbali kwa SSH. Wengine nyumbani hawajui hata SSH ni nini. Kampuni ya wingu, pamoja na dhambi zake zote, ina mtu wa zamu.

Na usalama unaoandikwa hapa una mashimo. unattended-upgrades inasasisha vifurushi vya Debian, haigusi kontena za Docker. Mtu anakaa miaka miwili na Nextcloud yenye tundu linalojulikana akidhani inajisasisha. Mashine za biti 32 nazo sahauni: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Na prosesa zisizo na AES-NI (uwezo wa kuficha data kwa kasi), Core 2 Duo zikiwemo, LUKS inazibana. Endesha cryptsetup benchmark ulinganishe mstari wa aes-xts na kasi ya diski kabla ya kuamua.

BI TERMINALI
Hapo kwa mtu wa zamu nakuunga mkono, na ndiyo sababu meneja wa nywila ni huduma ya mwisho kuhamishia nyumbani, si ya kuhama pamoja na picha kama Kitasa alivyoandika. Vaultwarden (meneja wa nywila wa kujiwekea) inaendeshwa na mashine yoyote, ila siku seva imekufa ndiyo siku unayohitaji nywila za kuifufua. Ufunguo wa LUKS na wa restic viandikwe kwenye karatasi, vifungiwe mahali ambapo mtu wa pili anapajua.

WATI KUMI
Kitasa, mashine za mezani hujanijibu bado. Uniti 525.

MZEE WA DISKI
Nimjibie. Kama ni nakala ya pili, kwa nini iwake saa 24? Iamke usiku, ivute data, ijizime: hati ikimaliza restic, mstari wa mwisho ni rtcwake -m off -s 82800, yaani zima na uamke baada ya saa 23. Wati 60 kwa saa moja kwa siku ni uniti 22 kwa mwaka. N100 yako, Wati Kumi, inakula mara nne ya hapo.

WATI KUMI
Na diski kuwashwa na kuzimwa kila siku haichoki?

MZEE WA DISKI
Mara 365 kwa mwaka. Diski nyingi za mezani mtengenezaji ameziandikia maelfu ya kuwashwa. Kinachoziua ni kulala kila baada ya dakika chache na kuamshwa na kila kitu. Angalia Load_Cycle_Count kwenye smartctl, hesabu ya mara kichwa cha diski kilivyoegeshwa.

FUNDI SOLDA
Mzee, ongeza moja. Umeme ukikatika katikati ya zile saa 23, kwenye baadhi ya bodi kengele ya rtcwake inapotea na mashine haiamki tena. Ile Power On ya BIOS iwepo: umeme ukirudi inawaka, inafanya bakapu nje ya ratiba, inajipangia upya na kulala. Ila iwe na kikomo, maana umeme ukirudi na kukatika mara tano kwa saa, utakuwa na bakapu tano zilizokatikia njiani. Weka sleep 900 mwanzoni mwa hati, na restic unlock kabla ya backup, kufuli zilizoachwa na zile zilizokatika zitoke.