Naomba ushauri: natengeneza gemu la daladala, nawapataje wafuatiliaji?

Wakuu, salaam.

Mwezi wa saba sasa natengeneza gemu kwa Godot (programu ya kutengenezea magemu), peke yangu, usiku nikitoka kazini. Mchezaji ni konda wa Mbagala–Kariakoo: anapakia abiria, anadai nauli, anahangaika na chenji, na mzee wa siti ya nyuma anasema "nimeshalipa" wakati hajalipa.

Kila wiki naposti maendeleo. Nikionyesha msimbo wa gemu (code), au jinsi nilivyorekebisha taa za barabarani, napata laiki kumi, tatu za ndugu zangu. Lakini kipande cha sekunde 14, abiria anagoma kushuka hadi arudishiwe mia mbili yake, kilisambaa TikTok hadi nikaogopa. Watu walicheka, wakauliza "linapatikana wapi?", nikawa sina pa kuwapeleka. Kesho yake kimya.

Jumamosi huwa naweka picha kwa Kiingereza kwenye #screenshotsaturday, hashtagi ambayo watengenezaji wa magemu huonyesha kazi zao. Huko wanaonijibu ni watengenezaji wenzangu, wachezaji siwaoni. (Nawapenda, ila nao wanatafuta wateja kama mimi.)

Sasa nimekwama. Nifungue ukurasa Steam (duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta) mapema ili watu waliweke gemu kwenye orodha ya matamanio (wishlist), wakati ada ni dola 100 na wengi wa hapa nyumbani wanacheza kwenye simu? Au nianze na demo (kipande cha kujaribu) ya bure kwenye itch.io, tovuti ya magemu ya watengenezaji wadogo, na kundi la WhatsApp? Na lugha je: nishike Kiswahili tu, au nichanganye?

Aliyewahi kupita njia hii anisaidie, hata kwa kunikosoa.