Mliowahi kuishi Noailles, Marseille: tupeane uzoefu wa mtaa ule

BintiKikwajuni:
Assalaam alaykum, na habari za mchana nyote. Kila siku naona watu wanaulizia Paris, kana kwamba Ufaransa nzima ni Paris. Leo naomba tuzungumze Noailles, mtaa wa katikati ya Marseille. Ukishuka metro, treni ya chini ya ardhi, laini ya pili, ukipanda ngazi tu uko ndani yake: wauza sigara za magendo mlangoni, mbele yao soko la Capucins, harufu ya mnanaa, samaki na mkate wa moto vyote kwa pamoja. Ni mtaa mdogo, unauvuka kwa miguu kwa dakika 10, lakini watu wamejazana ghorofa juu ya ghorofa: Waalgeria, Watunisia, Wakomori, Wasenegali, Wavietnam, na Wafaransa wenyewe wa tangu na tangu. Wenyeji wanauita tumbo la Marseille.

Naanza mimi. Nilifika Septemba 2014 kusoma. Kifaransa changu kilikuwa cha darasani, na wiki ya kwanza kila nikifungua mdomo watu wananiambia "pardon?" mpaka nikaanza kunyamaza. Siku hiyo nimeingia duka moja la vyakula kwenye barabara ya Rue d'Aubagne kununua bamia na ndimu. Aliyekaa kwenye pesa ni mama mtu mzima, amejifunga leso yake kichwani. Nikampa noti, akanirudishia chenji, akaniambia, "Marahaba."

Nilishtuka. Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo, na mimi sikuwa nimemwamkia. Nikaona kumbe huyu mama ananikumbusha adabu yangu, nikasema upesi, "Shikamoo mama!" Akaniangalia, akashika mdomo, akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma anapanga mihogo: njoo umsikie huyu mtoto, anasema kama bibi zetu wa Unguja. Kumbe yule ni Mngazija, mtu wa Komoro, na kwao marahaba ni asante. Akaniwekea kigoda nikae. Akanifundisha kwamba kwao mkubwa anaamkiwa "kwezi", naye anaitikia "mbona". Sikio la Mswahili likisikia "mbona" linangoja swali, lakini pale swali hakuna, ndiyo salamu imeshakamilika.

Niliishi Marseille miaka minne baada ya siku ile, na sikupata tena kujiona niko peke yangu. Sasa na nyinyi.

SombeYaBukavu:
Jambo yenu bandugu. Mimi niko mutu wa Bukavu, nilifika Marseille mu 2009. Kiswahili yangu muiache vile iko, mutanisikia tu.

Dada, ile habari yako ya marahaba imenikumbusha siku ya sombe. Nilienda Noailles kutafuta sombe, majani ya muhogo, ile ya kugandishwa mu barafu. Kulikuwa duka moja ya mutu wa Vietnam, alikuwa anauzisha vitu ya Afrika yote. Nafungua friji, ilibakia pakiti moja tu. Mimi nanyoosha mukono, mama mumoja naye ananyoosha, na kijana mumoja wa Dar naye. Mama anasema "mataba." Kijana anasema "hapana mama, hicho ni kisamvu." Mimi nasema "sombe!" Na kwenye pakiti wameandika saka-saka.

Tukabakia pale tunabishana vile inapikwa. Mama anasema bila tui la nazi hiyo si chakula. Kijana anataka nazi na karanga. Mimi nikawaambia kwetu ni mawese na ndagala, na inakaa mu moto mpaka inakuwa laini kabisa, haina haraka. Muuzaji naye akaona maneno imekuwa mingi, akaenda nyuma akaleta carton nzima, akaifungua mbele yetu. Kila mutu akapata yake. Yule mama akaandika namba yangu ya simu. Siku ya Mungu, Jumapili, akatuita kwake sisi wawili, akatupikia mataba yake na wali. Wiki iliyofuata nikapika sombe yangu nikamupelekea. Tangu siku ile anamuita muke wangu "mwanangu."

Mimi nilikuwa nimetoka kwetu sababu ya vita. Mutu akikuita mwanangu, wewe unajua vile inafanya mu roho.

Baharia_OldTown:
Salamu kutoka Mombasa. Mimi sikuishi hapo ila nalipita sana, miaka ya 80, kwenye meli za mizigo. Tukitia nanga bandari ya Joliette, tunakata njia kwa miguu mpaka barabara kuu ya La Canebière, halafu tunapanda Noailles. Kulikuwa na mkahawa ambao wazee wa Kingazija walikuwa wakikaa alasiri kucheza karata. Wengi wao walifanya kazi kwenye meli za Messageries Maritimes, kampuni ya meli ya Kifaransa, meli zilizokuwa zikishuka Mombasa, Zanzibar mpaka Majunga kule Madagaska. Hivyo ndivyo walivyofika Marseille wa kwanza wao, ndani ya vyumba vya injini, wakitia makaa.

Mzee mmoja aliposikia natoka Mombasa aliweka karata chini. Akaniuliza, "Marikiti bado iko palepale?" Nikamwambia iko. "Na mwembe wa nyuma yake?" Sikuujua mwembe huo, lakini nalimwambia upo. Mpaka leo sijutii kumwambia hivyo.

KakaMkubwa77:
Mnausifia sana. Mimi nilikaa wiki mbili mwaka 2019, nikachomolewa simu mchana kweupe pale pale mlango wa metro. Takataka zimerundikana, panya wanapita. Kila mtu aseme ukweli wake.

BintiKikwajuni:
Pole sana kaka yangu, na hayo ni kweli kabisa. Simu pale huishiki mkononi, na taka tumezilalamikia miaka yote. Ila wanaoishi na hao panya ni hao hao waliotupokea. Hawakuchagua.

Mngazija_wa_Temeke:
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nimezaliwa Temeke, wazazi wangu wote Wangazija, nikaja Marseille kwa ami yangu mwaka 2007. Nimesubiri nione kama kuna atakayeitaja tarehe 5 Novemba 2018. Naona hakuna, basi naisema mimi, kwa sababu huwezi kuzungumza Noailles ukairuka siku hiyo.

Ilikuwa Jumatatu, saa 3 asubuhi na dakika chache. Siku zilizotangulia mvua ilikuwa imenyesha sana. Nilikuwa napakua maboksi dukani kwa ami, mtaa wa pili tu. Tulisikia mshindo, halafu vumbi likaja kama mtu amemwaga magunia ya unga kutoka angani. Jengo namba 63 na namba 65 za Rue d'Aubagne zilikuwa zimeanguka. La 63 halikuwa na wakazi. La 65 lilikuwa na watu. Walikufa 8.

Wanane hao walikuwa ndio mtaa wenyewe: Mkomori, Mtaliano, Mualgeria, Wafaransa. Yule mama wa Kikomori alikuwa na watoto. Katika jamii yetu hapa hakuna nyumba ambayo haikuwa na mtu anayemjua, au anayemjua ndugu yake. Siku nzima tulisimama nyuma ya kamba za polisi. Watu wanaita jina, wanapiga simu, simu inaita haipokelewi. Mama yangu mkubwa alikuwa ameshika tasbihi, anaizungusha tu, hata kusoma hasomi. Wazima moto walichukua siku kadhaa kuwatoa wote.

Nataka watu waelewe jambo moja. Si mvua iliyoyaangusha majengo yale. Nyumba za pale ni za zamani, nyembamba, madirisha matatu kwa upana, zimeegemeana kama vitabu kwenye rafu. Ukikiacha kimoja kikaoza, cha pembeni nacho kinalegea. Watu walikuwa wamelalamika, wataalamu walikuwa wamekwenda kuangalia, karatasi zilikuwa zimeandikwa. Zikakaa mezani. Kesi ilikuja kusikilizwa mwishoni mwa 2024, miaka 6 baadaye, na mimi nilikwenda siku mbili kukaa nyuma nisikilize. Waliokuwa wakiishi humo walisema milango ilikuwa imeshaanza kugoma kufunguka.

Kila mwaka tarehe hiyo tunakutana pale kwenye kiwanja kidogo chenye nguzo ya Homère, yule mshairi wa Kigiriki wa kale. Majina yote manane yanasomwa.

UmmuYasmin:
Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Kaka wa Temeke, hapo uliposema milango umenigusa penyewe.

Sisi tulikuwa tunakaa mtaa wa jirani, ghorofa ya tatu, mimi na mume wangu na watoto wawili. Chumba kimoja na sebule. Mwanzoni mwa 2018 mlango wa chumba cha watoto ulianza kukwaruza sakafu. Ukawa unachora nusu duara kwenye vigae, kila siku mstari unazidi kuwa mweupe. Mume wangu ni fundi, akaazima randa, akaupunguza chini. Mwezi haukwisha ukakwaruza tena. Akaupunguza tena. Mara ya tatu akaacha randa, akapiga magoti, akaweka gololi ya mtoto sakafuni karibu na dirisha. Ile gololi ikabiringika yenyewe mpaka ukutani kwa upande wa ngazi. Tukatazamana, hatukusema kitu mbele ya watoto.

Tulimwandikia mwenye nyumba barua mara mbili. Akamtuma mtu na ndoo ya rangi, akapaka juu ya ufa. Basi. Kodi ilikuwa haichelewi hata siku moja, anakuja kuidai mwenyewe.

Baada ya tarehe 5 wakaguzi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, maana mji mzima ulikuwa na hofu. Maelfu ya watu walitolewa kwenye nyumba zao Marseille miezi ile. Kwetu walikuja usiku. Tulipewa muda wa kuchukua nguo na vyeti. Yasmin alikuwa na miaka 5, alitaka kubeba samaki wake kwenye chupa, askari wa zimamoto akambebea yeye. Tukawekwa hoteli, chumba kimoja watu wanne, miezi 7. Hakuna jiko. Ramadhani ile tulifuturu vyakula vya kununua, na mama mmoja wa Kitunisia wa Noailles, ambaye nilikuwa namjua kwa kununua mkate kwake tu, alituletea supu kwenye thamosi karibu kila siku mwezi mzima. Alikuwa anapanda basi mbili.

Hapa nataka niache na kitu cha faida. Jengo likitolewa amri iliyokuwa ikiitwa *arrêté de péril* (tangu 2021 inaitwa *arrêté de mise en sécurité*), yaani amri kwamba ni hatari, kodi inasimama kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata, na ukitolewa, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kukutafutia pa kukaa. Sisi hatukujua, tukalipa miezi miwili tukiwa tumeshatolewa. Aliyetufungua macho ni majirani wenyewe walioungana baada ya msiba. Walikuwa wanakaa na watu mmoja mmoja wanawajazia fomu mpaka usiku.

SombeYaBukavu:
Pole sana dada. Ile gololi siwezi kuisahau tena.

Baharia_OldTown:
Allah awarehemu wote. Mwanangu UmmuYasmin, mlirudi?

UmmuYasmin:
Shikamoo mzee wangu. Pale hatukurudi, tulipata nyumba ya serikali upande wa kaskazini mwa mji. Ni nyumba nzuri, haina unyevu. Lakini Jumamosi napanda metro nakwenda Noailles kununua mboga, na watoto nawachukua. Tukikaribia jengo letu la zamani Yasmin hunishika mkono, tukilipita anauachia.

Mwanafunzi_Dodoma:
Habari zenu kaka na dada zangu. Nimesoma yote kuanzia juu. Mwezi ujao nakuja chuo Marseille inshallah, na nimepata chumba kwa mtandao, Noailles hukohuko, bei ambayo kwingine siioni. Wanataka malipo ya awali wiki hii. Nichukue au nikimbie?

Mngazija_wa_Temeke:
Mdogo wangu, usitume hata senti kabla ya mtu kuingia ndani ya hicho chumba. Picha zinaonyesha rangi tu, na rangi ndiyo tumeshaambiwa kazi yake hapo juu. Majengo mengi yametengenezwa tangu wakati ule na mengine bado yamefungwa kwa mbao. Kwa hiyo siwezi kukwambia mtaa mzima ni mbaya wala mtaa mzima ni salama. Ni jengo kwa jengo.

UmmuYasmin:
Mwanangu, mtaa njoo, utapendwa. Jengo ndilo la kuangalia. Fungua kila mlango na kila dirisha, ufunge, uone kama vinakaa sawa. Tazama kona za juu ya madirisha kama kuna ufa wa mshazari. Shuka mpaka kwenye ghala la chini na taa ya simu, pitisha kiganja ukutani uone kama pana maji. Halafu gonga kwa jirani wa chini umuulize amekaa miaka mingapi, na lini mara ya mwisho aliona fundi.

Wewe uko Dodoma, huwezi kuyafanya hayo. Nitumie anwani kwa ujumbe wa faragha. Jumamosi nakwenda sokoni na mume wangu, tutapita. Atakuja na gololi.