Muvi ya Demi Moore ya damu: niiweke Jumamosi ama niachane nayo?

Mwenye Kibanda, Nyalenda: Vijana wananisukuma niwawekee The Substance, ile ya 2024, kwa kibanda changu cha video hapa Kisumu. Mama wa mazoezi kwa TV anafutwa kazi akifikisha hamsini, anajidunga dawa, mgongo unapasuka, msichana mbichi anatoka humo. Wanapokezana, siku saba huyu, siku saba yule. Niliiangalia peke yangu usiku mpaka chai ikapoa kwa kikombe. Kuna wanaosema inatetea wanawake. Mimi naona damu na makalio. Niiweke?

Jaduong' wa Milimani: Usiiweke. Unamteteaje mwanamke kwa kumvua nguo nusu ya muvi? Hiyo ni bucha, wameiandika tu jina la haki.

Nyar Seme: Jaduong', aliyeielekeza ni mwanamke, Coralie Fargeat wa Ufaransa. Kamera inamkodolea yule msichana vile nyinyi mnakodoa macho pale stejini. Inakukera kwa sababu unajiona.

Jaduong' wa Milimani: Mimi sikodoi mtu. Nina wajukuu.

Boda wa Kondele: Jaduong', tumekubeba sana, tusiongee. Lakini tuseme ukweli, mama wa hamsini anang'ang'ania TV ya nini? Umri huo ni wa kwenda soko la Kibuye kuuza nyanya, awaachie wasichana.

Nyar Seme: Omera, umesema maneno ya yule bosi wa muvi. Anakula kamba wale wa baharini, kamera iko karibu iingie mdomoni, vidole vimejaa mafuta, anamwambia mama ukifika hamsini inakwisha. Mama anamuuliza, nini inakwisha? Jibu hana.

Min Akoth, Kibuye: Mimi nina hamsini na tatu na nyanya ninauza hapo hapo Kibuye. Kijana, hebu nieleze, nyanya ni adhabu ya kosa gani? Naamka saa tisa usiku kungoja lori. Kreti ikifunguliwa nazipapasa moja moja, ngumu juu, iliyoanza kulegea naiweka kando ya watu wa hoteli. Mgongo wako na hiyo pikipiki hautafika hapo.

Boda wa Kondele: Pole mathe, sikukulenga wewe.

Min Akoth, Kibuye: Ulimlenga nani? Kibuye unajua wa hamsini wangapi?

Mpishi wa Dunga: Min Akoth, hizo zilizolegea unauzaje?

Min Akoth, Kibuye: Njoo sokoni uulize.

Mwalimu Mstaafu: Turudi kwa hoja. Huyo Demi Moore alipewa Oscar, kwa hivyo muvi ina uzito wake.

Nyar Seme: Hakupewa, Mwalimu. Alichukua tuzo ya Golden Globe Januari 2025. Oscar ikaenda kwa mwigizaji Mikey Madison, miaka 25. Yaani muvi iliisha na bado ikaendelea. Oscar waliyopata wao ni ya vipodozi na nywele.

Boda wa Kondele: Vipodozi! Hapo sasa. Bosi gani amewahi kumshika dada mkono ajipake krimu ya zebaki ya kujichubua? Serikali ilipiga marufuku zamani na bado mnanunua kwa kificho. Mnajimaliza wenyewe.

Aliyekuwa Mapokezi: Nilikaa mapokezi ya hoteli moja hapa mjini miaka kumi na moja. Meneja mpya akaja akasema anataka sura mpya mbele. Nikapelekwa stoo kuhesabu mashuka. Krimu nilianza mwezi huo huo. Kweli hakunishika mkono. Mpaka leo chini ya sikio kuna alama nyeusi haitoki.

Hiyo muvi niliitazama. Mgongo kupasuka nilivumilia. Kuna pale huyo mama anajipodoa akakutane na mwanamume waliyesoma pamoja. Anafika mlangoni, anarudi kwa kioo. Anafuta, anapaka tena, anarudi tena. Mwisho anajisugua uso mpaka rangi ya mdomo inatapakaa mashavuni, na hatoki. Hakuna damu hapo hata tone. Nilizima.

Jaduong' wa Milimani: Pole binti yangu. Lakini ngozi ni Mungu alikupa.

Aliyekuwa Mapokezi: Meneja hakumuuliza Mungu, baba.

Mwalimu Mstaafu: Na Bodi ya Filamu je? Sheria iko, Sura ya 222, huonyeshi filamu kwa umma bila kibali. Walifunga The Wolf of Wall Street 2014, wakaja wakafunga Rafiki 2018, na ni yetu wenyewe. Kwanza wewe wa kibanda, hii umeitoa wapi?

Mwenye Kibanda, Nyalenda: Mwalimu, hayo tuonane pembeni. Sasa naiweka ama siiweki?

Jaduong' wa Milimani: Ukiiweka, watoto wasikaribie hata dirisha. Wale wako wa shilingi kumi huwa wanachungulia kwa mabati.

Nyar Seme: Hapo hata mimi niko na Jaduong'. Andika tangazo.

Min Akoth, Kibuye: Jumamosi usiku mimi siwezi, Jumapili ndiyo soko letu kubwa. Weka Jumatatu. Na huyo wa boda akae mbele kabisa.

Boda wa Kondele: Mathe, nitakuja kukuchukua mwenyewe, bila nauli.

Min Akoth, Kibuye: Uje na kamba. Nitakuwa na kreti mbili.