Brashi kavu juu ya kifaru cha Tiger: ikauke kiasi gani?

KifaruMdogo:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaunda modeli ya kifaru cha Kijerumani, Tiger I cha mwaka 1944, kwa kipimo cha 1/35, na nimekwisha kukipaka ile manjano iliyofifia ambayo Wajerumani waliifanya rangi ya msingi ya magari yao ya kivita tangu Februari 1943. Sasa nataka kujifunza kupaka kwa brashi kavu, yaani iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo sana, ili kingo, bawaba na vichwa vya bolti vijitokeze bila kuchorwa kimoja kimoja. Maelezo niliyoyasoma yanasema tu kwamba brashi ifutwe mpaka ikauke, wala hayaelezi mtu atajuaje kwamba imefika hapo. Tena, je, rangi ya kuangazia ipatikane kwa kuongeza nyeupe? Na akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, inafaa? Ndiyo niliyo nayo.

Brashi_Kuukuu:
Ndugu KifaruMdogo, chovya ncha tu ya brashi, uifute kwenye kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kisha uijaribu juu ya kipande cha fremu ya plastiki iliyobaki katika boksi. Ikiacha mstari mahali palipo bapa, bado ina rangi nyingi. Ikipita pale bapa bila kuacha alama na kugusa ukingo peke yake, iko tayari. Mara ya kwanza utadhani haipaki kitu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu rangi hujengwa kwa kupitisha brashi mara nyingi kwa mkono mwepesi, si kwa kukandamiza. Tumia brashi bapa yenye nywele fupi na laini, iliyokwisha kuchakaa, maana kazi hii huua brashi. Ile nzuri yenye ncha kali usiiguse kabisa.

Nyeupe siishauri. Huipoza rangi na kuifanya ifanane na chaki. Kwa manjano yako ongeza rangi ya maziwa au ya mchanga. Kwa kijani kilichokolea ongeza manjano.

Akriliki inafaa, ila hukaukia kwenye nywele za brashi kabla hujafika upande wa pili wa kifaru, na hapo huanza kuacha vumbivumbi juu ya plastiki. Chovya kidogo, paka eneo dogo, osha brashi na uikaushe kabisa kabla ya kuendelea. Ukiweza kupata enameli au rangi ya mafuta ya wachoraji, utakuwa na muda mrefu zaidi wa kufanya kazi, na tapentaini ya kuzizimulia haitaitoa akriliki iliyo chini endapo imekauka vizuri.

Mnyororo_wa_Chuma:
Naongeza jambo moja ambalo watu hulipuuza: mwelekeo wa mkono. Brashi ipite kukata ukingo, isiufuate. Kwa Tiger ya 1944 hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa vifaru hivyo vilipakwa Zimmerit, ule mchanganyiko mzito wa kuzuia mabomu ya sumaku yasinate, ambao Wajerumani waliutumia tangu nusu ya pili ya 1943 hadi Septemba 1944. Matuta yake yakiwa yamelala, pitisha brashi kutoka juu kwenda chini, nayo yatajitokeza yote. Ukiyafuata kwa urefu utajaza mifereji na kupoteza kivuli.

Kwenye minyororo paka rangi ya chuma sehemu zinazosuguana tu: uso unaogusa ardhi na meno ya gurudumu la kuvutia. Angalia pia magurudumu yako. Tiger za awali zilikuwa na mipira, na zile za tangu mwanzoni mwa 1944 zina magurudumu ya chuma, ambayo hung'arisha njia yake upande wa ndani wa mnyororo. Mpira hauachi mng'ao wa namna hiyo.

Kivuli_Kwanza:
Kwa heshima zote kwa waliotangulia, mimi naona mbinu hii hutumiwa kupita kiasi. Hakuna kifaru halisi chenye kila ukingo uliong'aa sawasawa, juu na chini. Tanguliza rangi nyembamba ya kahawia iliyozimuliwa iingie katika mifereji, iache ikauke siku nzima, ndipo uje na brashi kavu kwa uchache, ukizidisha pale ambapo jua lingepiga: paa la mnara wa mzinga, vifuniko, na kingo za juu.

Brashi_Kuukuu:
Kuhusu utaratibu nakubaliana nawe. Lakini modeli ndogo haipati vivuli vya kutosha kutokana na taa ya chumbani, kwa hiyo mwanga kidogo wa kuchora hauepukiki, hata kwenye kingo za chini.

KifaruMdogo:
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Magurudumu yangu ni ya chuma, na matuta ya Zimmerit yamelala. Nitaanzia upande wa nyuma, penye mabomba ya moshi, ambapo masizi yatafunika nikizidisha.