Kupiga Metallica ya 1984 hadi 2003 kwenye jukwaa moja: tupange vyombo vipi?

Ridhimu_Nzito:
Wakuu, salaam. Bendi ya watu wanne (gitaa la ridhimu ambaye ndiye mwimbaji, gitaa la solo, besi, ngoma) ina onyesho la dakika 70, nyimbo za Metallica (bendi ya metali ya Marekani) tupu, kuanzia Ride the Lightning ya 1984 hadi St. Anger ya 2003. Ukumbi ni wa watu kama 200. Tatizo ni kwamba mpangilio ukiwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyimbo zote zinatoka na sura ile ile, wakati kwenye rekodi ukisikia sekunde tatu tu unajua hii ni ya mwaka gani.

Vifaa vilivyopo: amplifaya ya vali wati 50, chaneli mbili, yenye ikwalaiza ya vitelezi vitano, amplifaya ya transista wati 100, magitaa matatu yasiyo na daraja la kuelea, mawili yakiwa na pikapu (vinasa mlio wa nyuzi) za EMG 81 na 60, besi ya nyuzi tano, snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini) mbili, moja ya chuma yenye kina cha inchi 6.5 na nyingine ya mbao inchi 5. Miksa ya ukumbi ina chaneli 16.

Naomba ushauri: kipi kibadilishwe kati ya nyimbo na kipi kiachwe? Na je, besi ya 1988 tuifanyeje, maana kwenye ...And Justice for All haisikiki kabisa?

Nyuzi_Sita:
Mkuu, anza na tyuni, yaani noti ambazo nyuzi zimekazwa kuzitoa, kabla hujagusa amplifaya. Albamu za miaka ya 1980 karibu zote zimesimama kwenye E ya kawaida. Ride the Lightning yenyewe iko juu kidogo ya A 440 (noti A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kutyuni), kwa hiyo mkifanya mazoezi juu ya rekodi msishangae gitaa kusikika limeshuka. Albamu ya 1991 (Metallica, ile nyeusi) sehemu kubwa ni E, lakini Sad But True imeshushwa toni nzima hadi D, na uzito wake wote unatoka hapo. Load (1996) na Reload (1997) kwa jumla ziko nusu toni chini, E flati. St. Anger sehemu kubwa ni D ambayo uzi wa sita umeshushwa tena hadi C.

Sasa angalia kitu kizuri: D na hiyo C ni tyuni moja, tofauti ni uzi mmoja. Na Metallica wenyewe tangu katikati ya miaka ya 1990 hupiga nyimbo nyingi za zamani jukwaani kwa E flati, koo la mwimbaji linapata nafuu. Kwa hiyo hamhitaji tyuni tano. Mnahitaji mbili na nusu: E flati kwa kila kitu cha 1984 hadi 1997, D kwa Sad But True, halafu uzi wa sita chini hadi C kwa 2003.

Magitaa ni matatu na wapigaji ni wawili, basi mwimbaji achukue mawili: moja E flati lenye nyuzi 10 kwa 46 (unene kwa elfu za inchi), moja D lenye nyuzi 11 kwa 54. Mpiga solo abaki na moja lenye 11 kwa 54, aanze na E flati, kisha ashushe nusu toni mara moja tu wakati mwimbaji anaongea na watu. Akiwa na tyuna ya pedali, dakika moja inatosha. Ndiyo maana Sad But True isikae katikati ya nyimbo za 1991. Ipelekeni mwisho, ishikane na St. Anger. Msipange kwa miaka, pangeni kwa tyuni. Mpangilio utakaribia miaka wenyewe.

Hatari mbili. Uzi wa 54 ni mnene kuliko mfereji uliochongwa kwa uzi wa 46 pale shingo inapoanzia, hivyo unakwama, na ukizungusha ufunguo haushuki, halafu unaachia ghafla katikati ya wimbo. Panua mfereji kidogo kwa faili laini na pakaza unga wa penseli. Ya pili: ukishabadilisha nyuzi, linganisha noti ya freti ya 12 na mlio wa uzi ulioguswa juu ya freti hiyo hiyo bila kubonyezwa. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kidaraja cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Fanya hivyo siku tatu kabla, si siku ya onyesho, maana nyuzi mpya bado zinanyooka.

Fundi_Vali:
Nakubaliana na Nyuzi_Sita. Niongeze upande wa amplifaya, kwa sababu hapa watu wengi huongeza geini (kiasi cha distoshoni) wakidhani ndiyo sauti ya Metallica.

Mwanzoni mwa 1984 vifaa vya Metallica viliibwa Boston, na Ride the Lightning wakaenda kuirekodi studio ya Sweet Silence, Copenhagen, na mtayarishaji Flemming Rasmussen, wakitumia amplifaya za Marshall za kutafuta huko huko. Ndiyo maana masafa ya kati yamejaa na geini si kubwa kihivyo. Master of Puppets (1986) ilirekodiwa studio ile ile na Rasmussen yule yule, ila sasa wana Mesa/Boogie Mark IIC+. Mabadiliko mengi ya mlio wa ridhimu kati ya albamu hizi mbili yako kwenye amplifaya hiyo, na siri yake inafaa kueleweka.

Ndani ya Mark, vitufe vya besi na trebo viko kabla ya hatua kuu ya distoshoni. Ikwalaiza ya vitelezi vitano (hezi 80, 240, 750, 2200 na 6600) iko baada yake. Besi ikiingia nyingi kabla ya distoshoni, vali zinalemewa na masafa ya chini, na rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) za haraka zinavimba na kuchelewa. Kwa hiyo besi inashushwa sana kwanza, hadi 1 au 2 kati ya 10, trebo inapanda hadi 7, halafu ule uzito unarudishwa baada ya distoshoni kwa kupandisha kitelezi cha hezi 80. Matokeo ni mlio mzito unaokatika papo hapo kiganja kikiziba nyuzi. Amplifaya yako ikiwa imepangwa namna hiyo, fanya vivyo hivyo.

Kwa ile ya transista, tanguliza pedali ya overdraivu aina ya Tube Screamer, draivu sifuri, leveli 7 au 8. Inapunguza besi kabla ya distoshoni, kazi ile ile kwa njia nyingine.

Vitelezi: 1984, vyote karibu na mstari wa katikati, 2200 juu kidogo. 1986, kitelezi cha 750 chini nusu ya njia, 80 na 2200 juu. 1991 rudisha 750 karibu na mstari na upunguze geini kidogo, maana unene wa albamu ile unatokana na magitaa kurekodiwa tabaka juu ya tabaka, na distoshoni ikizidi tabaka zinageuka uji. 1996 punguza geini zaidi. 2003 pandisha geini, na 240 chini kidogo kwa sababu ya tyuni ya C. Weka alama kwa tepu za rangi tatu. Zaidi ya hapo mtakosea gizani.

Milio safi, kama mwanzo wa wimbo One wa 1988, msiitafute kwenye amplifaya ya vali. James Hetfield, mwimbaji na mpiga ridhimu wa Metallica, alitumia kwa miaka mingi amplifaya ya Roland JC-120, ambayo ni ya transista. Amplifaya yenu ya pili ina tabia hiyo hiyo: ongeza koras ya polepole na yenye kina kidogo.

Mtu_wa_Miksa:
Swali la besi ya 1988 lijibiwe vizuri, maana wengi wanakwama hapo.

Kwenye ...And Justice for All besi ya Jason Newsted ilishushwa wakati wa kuchanganya sauti, na tena sehemu nyingi anafuata rifu ya gitaa noti kwa noti. Pale chini palipobaki wazi, gitaa likaingia na kuketi. Ndiyo sababu gitaa la 1988 linasikika na tumbo kubwa huku kati pametobolewa: halina wa kugombana naye. Ukinakili gitaa lile, 750 chini kabisa na 80 juu kabisa, kisha ukaweka besi inayosikika na spika za ukumbi, vitu vitatu vinagombania hezi 60 hadi 120: gitaa, besi na ngoma ya mguu. Watu 200 watasikia ngurumo tu.

Kwa hiyo msinakili. Kwenye miksa kata gitaa chini ya hezi 100. Kitelezi cha 750 kisishuke zaidi ya ilivyokuwa kwa 1986. Besi ipewe hezi 60 hadi 100 na mgongano wa piki kwenye hezi 1500 hivi. Wasikilizaji watatambua mwaka 1988 kwa ngoma na kwa ukavu, hawataitambua kwa kukosekana kwa besi. Kuifuta besi makusudi jukwaani ni kumdhulumu mpigaji.

1991 ni kinyume chake. Mtayarishaji Bob Rock aliwapigisha pamoja studioni, na besi ikakaa na ngoma ya mguu badala ya kulifuata gitaa. Mwambieni mpiga besi asikilize mguu, aache kufukuza rifu. Pandisha besi desibeli 2 au 3 kwenye nyimbo hizo. Badiliko hilo dogo peke yake linabadilisha miaka.

Na besi yenyewe: ni ya nyuzi tano, ishusheni yote nusu toni na muiache hivyo usiku mzima. Uzi wa chini unakuwa B flati, C iko freti ya 2 na D freti ya 4. Haihitaji kutyuniwa tena hata mara moja.

Ngozi_na_Fimbo:
Ngoma ndizo zinazotaja mwaka kuliko chombo kingine chochote, halafu ndizo zinazobadilishwa kirahisi.

1988: ngoma ya mguu inagonga kama taipureta. Weka kibandiko kigumu pale kipigio kinapotua, tumia kipigio cha plastiki au mbao, mto mmoja ndani ugusane na ngozi. Kwenye miksa punguza hezi 350 desibeli 6, pandisha hezi 4000 desibeli 5. Mwangwi sifuri.

1991: snea ya chuma ya inchi 6.5, ngozi ya juu ikazwe wastani, na mwangwi wa sekunde 1.2 uliocheleweshwa milisekunde 25. Mwangwi huo uwekwe kwenye snea na tomu tu. Ukiuweka kwenye mguu unapoteza pigo.

2003: ile snea inayolia kama sufuria ni snea ambayo nyaya zake za chini zimelegezwa. Tumieni ya chuma, ikazwe zaidi, na kifungio cha pembeni kiangushwe. Mtu asikushauri uifungie kitambaa. Mlio ule ndio wimbo. Ila iangalie noti yake: ikilingana na C ya gitaa itaungurumisha maiki zote, basi ipandishe robo mzunguko kila skrubu. Kwa kuwa nyimbo za 2003 ziko mwisho, snea ya mbao ifanye kazi ya 1984 hadi 1988, ya chuma iingie 1991 na isitoke tena.

Ridhimu_Nzito:
Asanteni sana wakuu, mpangilio wa tyuni umetatua nusu ya shida. Mawili yamebaki. Kwanza, mpiga solo ana kazi gani kwenye St. Anger, ilhali haina solo hata moja? Pili, baadaye tutarekodi demo. Kuna anayetaka isikike kama Death Magnetic ya 2008.

Nyuzi_Sita:
La kwanza: apige ridhimu ile ile, lakini kwa pikapu ya shingoni na geini ndogo kuliko ya mwenzake, ili noti zisomeke chini ya distoshoni. Somo hilo lianzie nyimbo za Load. Kabla ya hapo Hetfield ndiye aliyekuwa akirekodi karibu ridhimu zote. 1996 Kirk Hammett, mpiga solo wao, naye akarekodi zake, ndiyo maana kushoto na kulia havifanani. Mmoja akipiga kodi nzima, mwingine apige noti mbili tu. Kwenye solo za zamani, pedali yake ya wawa ikae kabla ya distoshoni, si baada.

Na EMG zenu zinatumia betri ya volti 9. Waya ukiachwa umechomekwa betri inaendelea kutumika, na ikianza kuisha mlio unakuwa mwembamba wenye mikwaruzo, watu wanaanza kufungua amplifaya bure. Wekeni betri mpya zote siku ya onyesho.

Mtu_wa_Miksa:
La pili: kwenye Death Magnetic vyombo vyenyewe vimepigwa vizuri na tyuni imerudi E. Ile mikwaruzo inayosikika ngoma zikigonga ni mawimbi yaliyokatwa vichwa kwa kusukuma sauti juu kupita kiasi. Nyimbo zile zile zilitoka kwenye mchezo wa Guitar Hero bila kusukumwa hivyo, na snea inapumua. Sikilizeni hizo mbili sambamba pamoja na huyo mwenzenu. Kwenye demo acheni kilele kiishie desibeli 1 chini ya sifuri, na kompresa ya mwisho isipunguze zaidi ya desibeli 3. Anayetaka sauti kubwa aongeze kwenye redio yake.