Hispania, Japani au Australia: mkataba wa kwanza wa kikapu asaini wapi?

Mdunguaji
Wakuu, naombeni mawazo yenu. Mdogo wangu amemaliza chuo Marekani, anacheza ulinzi namba moja, yaani mchezeshaji wa timu, na hakuchaguliwa kwenye drafti ya NBA, ile siku klabu zinapochagua wachezaji wapya. Wakala amemletea njia tatu: daraja la pili Hispania, daraja la pili Japani, na kufanya majaribio na timu moja ya Australia. Japani ndio wenye hela nzuri kuliko wote. Hispania mshahara ni mdogo ila kocha anamtaka awe kwenye kikosi kinachoanza mechi. Ndoto yake ni kufika EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya. Mimi moyo wangu uko Japani, lakini sitaki kumpotosha.

Kocha Mstaafu
Mkuu, kabla ya hela tazama nafasi anayocheza. Klabu za Japani zina idadi ndogo ya wageni zinazoruhusiwa kuwapanga, na nyingi hutumia nafasi hizo kwa watu warefu, kwa sababu walinzi wazuri wanao wenyewe. Hasheem Thabeet, senta aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, alipata timu Yokohama na baadaye akacheza Taiwan. Mlinzi akipelekwa huko ajue amebeba nafasi ambayo klabu ingeweza kumpa mtu wa chini ya kikapu. Wakianza kupoteza, wa kwanza kutazamwa ni yeye.

Pia ratiba yao ni nzito. Ligi ya juu tangu ilipoanza 2016 imezoea mechi 60, mara nyingi Jumamosi na Jumapili mfululizo dhidi ya timu ileile. Mwili mchanga unaweza, ila goti lenye historia ya kuumia lisiende.

Nyavu Safi
Hispania, bila kusita. Anayetaka EuroLeague acheze mahali ambapo makocha wa EuroLeague wanatazama. Mike James alipita madaraja ya chini Italia, akaenda timu ndogo ya kisiwa cha Rhodes huko Ugiriki, kisha Baskonia ya Hispania. Mwaka 2024 akawa mfungaji bora wa muda wote wa EuroLeague. Hakuruka ngazi hata moja.

Halafu jambo ambalo wengi hawaliulizi: ana pasi ya kusafiria ya nchi gani? Hispania imekuwa na utaratibu wa kutowahesabu kama wageni wachezaji wa nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, kutokana na mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 kati ya Umoja wa Ulaya na nchi hizo. Mmarekani anakula nafasi ya mgeni, mwenye pasi hiyo hali nafasi hiyo. Kwa klabu yenye bajeti ndogo hilo ni jambo kubwa sana, na mdogo wako anaweza kuwa na thamani kuliko wakala alivyokuambia. Muulizeni kanuni za msimu huu zinasemaje.

Mama Pivoti
Nawaheshimu wote waliotangulia, ila mnazungumza kana kwamba mshahara huingia wenyewe. Mwanangu alikaa miezi bila kulipwa kwenye klabu moja ya Ulaya, sitaitaja. Kilichomwokoa ni kifungu kimoja cha mkataba.

Mwanangu, soma hivi. Mkataba useme mshahara ni baada ya kodi, na tarehe ya malipo iandikwe. Useme nani analipa wakala, nyumba, tiketi na bima, na akiumia nini kinatokea. Na lazima kiwepo kifungu kinachopeleka migogoro kwenye Mahakama ya Usuluhishi ya Kikapu ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, iliyoanzishwa 2007, makao yake Geneva. Klabu ikikaidi uamuzi wake, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hapo ndipo viongozi hukumbuka kulipa. Kifungu kisipokuwepo, mahakama hiyo haina mamlaka juu ya kesi yako. Ahadi ya kocha kwamba ataanza haiandikwi popote, tena kocha mwenyewe anaweza kufukuzwa Desemba.

Robo ya Nne
Australia ni ligi nzuri, LaMelo Ball alipita timu ya huko ya Illawarra na 2020 akachaguliwa wa tatu kwenye drafti ya NBA. Lakini yeye alikwenda na mkataba. Majaribio si mkataba. Iache.

Kocha Mstaafu
Mama Pivoti amesema kweli. Niongeze kwamba Hispania kuna kushuka daraja. Timu ikiwa mkiani inabadilisha wachezaji katikati ya msimu bila huruma. Mtazameni pia msimamo wa timu hiyo kwa miaka ya karibuni.

Mdunguaji
Shukrani sana wakuu, na shikamoo Mama Pivoti. Nimeongea naye usiku huu. Pasi yake imo kwenye hao wa Cotonou, na wakala hakuwahi kuligusia hilo. Rasimu ya Hispania haina kifungu cha FIBA, ya Japani hatujaletewa. Tumemwambia wakala arudi Hispania na mambo mawili: kifungu kiingie, na mshahara uongezwe kwa sababu hatakula nafasi ya mgeni. Wakikataa kifungu hatusaini.

Nyavu Safi
Hapo sawa. Mwambie pia aombe kipengele cha kuondoka chenye ada inayojulikana mapema, ili klabu ya ligi ya juu ikimtaka Januari asifungwe.